Lancha si mfumo wa simu

Hapa Dodoma maneno matatu yamevurugwa yakawa uji mmoja. Mtu akibadilisha sura ya simu yake, aikoni zikawa za duara na saa ikakaa katikati ya kioo, anatangaza kwamba amebadilisha mfumo, yaani ile programu kuu inayoiendesha simu. Mwenzake atasema ameiflashi, yaani ameuandika mfumo upya. Wa tatu, mara nyingi kijana wa chuo, atasema ameiruti, yaani amejipatia mamlaka ya juu ndani ya mfumo, na atalisema kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo la hatari. Ukiishika simu yenyewe unakuta mfumo ni uleule iliotoka nao dukani. Kilichofanyika ni kwamba kiprogramu cha MB chache kimeshushwa Play Store na kupewa ruhusa ya kushika skrini ya mwanzo. Kiprogramu hicho ndicho lancha.

Maana yake haihitaji aya nyingi. Lancha ni programu inayochora skrini ya mwanzo na orodha ya programu zako, kisha inafungua programu pale unapogusa aikoni yake. Yenyewe ndiyo inayoamua aikoni zikae ngapi kwa mstari, folda zifungukeje, wijeti, vile vipande vya saa au kalenda, zikae wapi na kitatokea nini ukiburuta kidole kwenda juu. Nova Launcher ni mojawapo ya zinazojulikana sana, na ziko nyingine chungu nzima, zikiwemo zile zinazoigiza iPhone ambazo vijana wa mjini wanazipenda kuliko zote.

Kazi yake inafanana na ya mtu wa mapokezi kwenye wizara kule Mtumba, mji wa serikali. Anakupokea, anajua nani yuko chumba gani, anakuelekeza. Ukimtoa huyo ukaleta mwingine mchangamfu zaidi, mwenye suti nzuri, utafurahia kuingia jengoni, lakini faili lako litaendelea kushughulikiwa na ofisi zilezile kwa mwendo uleule. Hakuna mtu anayetoka pale akasema serikali imebadilishwa. Kwenye simu ndivyo tunavyosema.

Sasa kwa nini Android inaruhusu mapokezi yabadilishwe kirahisi hivi? Hapa panataka kurudi nyuma kidogo, maana hamu ya kupanga upya kioo cha kompyuta ya mkononi ilikuwapo kabla ya simu hizi tulizonazo.

Mwaka 1996 ilitoka Pilot ya Palm, kompyuta ya kiganjani yenye kioo cha nukta 160 kwa 160 na kalamu ya plastiki. Ile ya bei ndogo, Pilot 1000, ilikuwa na kumbukumbu ya KB 128. Picha moja unayotumiwa WhatsApp leo inaweza isienee humo. Palm nayo ilikuwa na ukurasa wa aikoni wa kufungulia programu, na ukurasa huo ulikuja kuitwa Launcher. Watumiaji hawakutosheka. Wakaanza kuandika viprogramu vya kuupanga kwa makundi, kuongeza njia za mkato, kubadilisha kazi ya vitufe.

Shida ni kwamba Palm haikuwa imeacha mlango rasmi kwa mambo mengi ya namna hiyo. Ilibidi kiprogramu kiudandie mfumo wenyewe: mfumo unapoita kazi fulani ya ndani, kiprogramu kinaudaka mwito huo njiani na kufanya chake kwanza. Watu walitumia HackMaster kuviongoza viprogramu hivyo, kipi kiwashwe na kipi kizimwe. Viwili vikigombania mwito mmoja, kifaa kiliganda. Dawa ilikuwa kuchokoa kitundu cha nyuma kwa kipini huku umeshikilia kitufe cha kupanda juu, ili kiwake bila kuvipakia vile viprogramu vya nyongeza. Kwa watu wa enzi ile, kusema "nimeuchezea mfumo" kulikuwa na ukweli ndani yake. Walikuwa wameuchezea kweli.

Pocket PC, kompyuta za kiganjani zenye mfumo wa Microsoft, zilikuwa na ukurasa wao wa mwanzo, na humo ulipachika vipande vya kuonyesha kalenda, barua na kadhalika. Mwaka 2007 kampuni ya HTC ikaja na TouchFLO kwenye simu yake ya HTC Touch, ikaufunika ule uso wa Windows Mobile, mfumo wa simu wa Microsoft, kwa sura yake yenyewe. Wengi waliishika simu ile wakadhani ni mfumo mwingine. Kumbe chini ilikuwa Windows Mobile ileile, na ukiingia ndani kidogo ulikutana na menyu zake za zamani, herufi ndogo ndogo za kuguswa kwa kalamu. Kosa tunalolifanya leo lina umri, nakubali.

Android ilipoanza kuuzwa mwaka 2008 ililichukulia jambo hili kwa namna nyingine, na ndiyo maana nasisitiza tofauti. Skrini ya mwanzo ikafanywa kuwa nafasi ya kazi iliyo wazi kwa programu yoyote. Ukibonyeza kitufe cha kurudi mwanzo, mfumo unauliza ndani kwa ndani: nani humu amejiandikisha kushika skrini ya mwanzo? Kama aliyejiandikisha ni mmoja, anaitwa huyo. Kama wako wawili na hujachagua, mfumo unakuuliza wewe umtaje, mara hii au siku zote. Kujiandikisha kwenyewe ni tamko la mistari michache ndani ya faili la maelezo ya programu. Hakuna anayedandia mwito wa mtu wala kuvunja kitu, wala huhitaji kipini. Lancha ya Android ni programu ya kawaida, kama kikokotoo au redio, iliyoomba nafasi ikapewa.

Kwa hiyo kuna sehemu haifiki. Haibadilishi skrini ya kufungulia simu, ile ya kuchora mchoro au kuweka namba ya siri. Haigusi pazia la arifa unalolishusha kutoka juu. Kibodi ni programu nyingine kabisa. Mipangilio inabaki na sura aliyoiweka mtengenezaji. Na tangu Android 9 ya mwaka 2018, ile kurasa ya programu ulizotumia karibuni imefungamanishwa na lancha ya mtengenezaji, kwa hiyo lancha uliyoishusha mwenyewe haiwezi kuichukua. Ukiona umeweka lancha nzuri lakini ishara za vidole zinashtukashtuka unaporudi mwanzo, sababu mara nyingi ni hiyo: lancha mbili zinapokezana kazi katikati ya mwendo wa kidole chako. Usimlaumu aliyekuuzia kioo.

Ninachokiona kigumu kwa watu ni pale panapotajwa HiOS ya Tecno, XOS ya Infinix au One UI ya Samsung. "Hizo nazo si lancha?" Si lancha, ingawa kila moja ina lancha ndani yake. HiOS ni Android iliyovalishwa na mtengenezaji kuanzia Mipangilio, pazia la arifa, kamera, hadi namna ya kuokoa chaji. Lancha ni kipande kimoja tu cha vazi hilo. Mkanganyiko una chanzo, maana lancha za HiOS na XOS zimewahi kuwekwa Play Store kama programu zinazojitegemea, hivyo mtu akaona jina la mfumo likisasishwa pale sambamba na mchezo wa karata. Ukiondoa picha hiyo kichwani, mengine yananyooka. Ukiweka lancha nyingine kwenye Tecno, HiOS haijaenda popote. Imeachiwa kazi zote isipokuwa ile ya kukaa mlangoni.

Kuflashi ni kuandika upya mfumo wenyewe kwenye kumbukumbu ya simu, kazi ya kompyuta na waya, na ukikosea simu inaweza isiwake. Kuruti ni kujipatia mamlaka ya juu kabisa ndani ya mfumo, yale ambayo mtengenezaji alikunyima, na baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi zikigundua hivyo. Lancha haifanyi lolote kati ya haya. Ukiichoka unaifuta, unabonyeza kitufe cha mwanzo, na ile ya zamani inajitokeza kana kwamba haikuondoka. Ambayo ni kweli, haikuondoka. Utakachopoteza ni mpangilio wako, usipokuwa umeuhifadhi.

Hata lancha mbovu inayokujazia matangazo hadi hupati pa kugusa haikulazimishi kwenda kufomati, yaani kufuta kila kitu. Iwashe simu katika hali salama, ambayo huzima kila programu uliyoishusha mwenyewe. Kwenye simu nyingi ni kushikilia kitufe cha kuwashia, kisha kukandamiza kwa muda lile neno la kuzima hadi iulize. Lancha ya mtengenezaji itarudi yenyewe, nawe uifute ile nyingine kwa raha zako. Ni kipini cha Palm kilekile, kimeingia ndani ya mfumo.

Nimesikia pia watu wakishauriana kwamba ukiweka lancha unaepuka kufungiwa simu ya mkopo. Hapana. Ile programu ya kufunga simu ukichelewesha rejesho imepewa mamlaka ya usimamizi wa kifaa tangu simu inakabidhiwa, na inasimama juu ya lancha yoyote utakayoleta. Siku ya rejesho ikipita, kioo kitajifunga kikiwa na aikoni zako nzuri nyuma yake. Lipa, au kaongee nao.

Na ile ahadi ya kuongeza kasi? Kidogo mno. Lancha nyepesi inaweza kutumia kumbukumbu pungufu kuliko ile ya mtengenezaji, lakini ile ya mtengenezaji haifutiki na mara nyingi inaendelea kukaa macho kwa ajili ya kurasa ya programu za karibuni. Kwenye simu ya RAM GB 2 unaweza hata kupata hasara. Toka WhatsApp baada ya kutazama video ndefu, rudi mwanzo, utaona picha ya nyuma peke yake, halafu aikoni zinatokea moja moja kama abiria wanaoitwa majina. Hapo lancha ilikuwa imeondolewa kwenye kumbukumbu ili video ipate nafasi, na sasa inachorwa upya.

Pa kuangalia zaidi ni ruhusa. Lancha inahitaji kujua programu ulizonazo, hiyo ni haki yake. Ikitaka kusoma arifa ili iweke vile vinukta vyekundu vya idadi ya ujumbe, inaeleweka, ingawa ujue inaweza kusoma arifa zote, pamoja na za pesa. Ikiomba ruhusa ya ufikivu, ile inayoiwezesha kuona na kubonyeza vitu kwenye kioo kwa niaba yako, iulize ya nini. Zipo zinazoitumia kwa jambo la wazi, mfano kuzima kioo ukigonga mara mbili. Lakini lancha iliyoundwa na mtu usiyemjua inayoomba ufikivu, SMS na namba zako zote kwa pamoja, mimi siiweki.

Nisieleweke kwamba nazidharau. Mama mdogo yuko Kondoa, macho yamepungua nguvu, na lancha ya vitufe vikubwa imemfaa kuliko ambavyo simu mpya ingemfaa. Kioo kizima kina sehemu sita: kupiga, ujumbe, picha, tochi, redio, na picha ya mjukuu ambayo akiigusa inampigia mama wa mtoto. Hiyo ni lancha ikifanya kazi iliyozaliwa kuifanya. Tofauti na zile za herufi nyembamba nyeupe juu ya picha ya mawingu, ambazo ukitoka nazo juani saa saba mchana pale Nyerere Square huoni hata saa.

Wa iPhone watasema mbona kwao hakuna. Ni kweli, Apple haijaiacha nafasi hiyo wazi. Wijeti ziliruhusiwa kukaa kati ya aikoni kwenye iOS 14 mwaka 2020, na kuziweka aikoni popote upendapo kukaja na iOS 18 mwaka 2024, lakini anayeshika mlango bado ni Apple mwenyewe. Kwa hiyo Infinix iliyovaa lancha ya sura ya iPhone ina uhuru ambao iPhone yenyewe haina, jambo ambalo mwenye Infinix hiyo kwa kawaida halijui, kwa sababu yeye anaamini amewekewa mfumo wa iPhone.

Huyo usimcheke. Mwombe afungue Mipangilio, ashuke hadi sehemu ya kuhusu simu, asome mwenyewe palipoandikwa toleo la Android na jina la HiOS au XOS. Kisha aingie kwenye programu chaguomsingi aone pale kwenye skrini ya mwanzo limeandikwa jina gani. Na kama alimlipa fundi hela ya kubadilishiwa mfumo, amuulize kwa upole ni mfumo upi aliouweka, akimwonyesha kurasa hizo mbili.