Nembo ya gari haisemi limeundwa wapi

Wengi bado wanaamini kwamba gari lenye nembo ya Marekani lazima limeundwa Marekani, na la Kijapani Japani. Sivyo. Ford Maverick hutoka Hermosillo, Meksiko, na Chevrolet Silverado nyingi hutoka Silao, nchi hiyohiyo. Kwa upande mwingine, kiwanda cha Marysville, Ohio, kilianza kuunda Honda Accord mwaka 1982, na Toyota Camry inaundwa Georgetown, Kentucky, tangu 1988. Wafanyakazi wa huko ni Wamarekani, na kuwanyima sifa ya kuunda magari hayo si haki. Hata Ford Ranger huundwa pia Silverton, Pretoria.

Ukitaka uhakika, soma namba ya chesisi. Kwa kawaida ikianza na 1, 4 au 5, gari limeundwa Marekani; ikianza na 2, Kanada; na 3, Meksiko; na J, Japani.