Malaria hakuna, vidonda hakuna: maswali ya wanachuo wapya kuhusu upweke

Upweke ni nini?
Ni maumivu ya kukosa mtu wa kusema naye ya moyoni. Unaweza kulala hosteli vitanda sita ukawa mpweke, na ukakaa peke yako ufukweni Raskazone ukitazama bahari ukawa salama kabisa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kuwa mtu mmoja kati ya sita ana upweke, vijana wakiwa mbele. Usione aibu.

Mbona mimi naumwa kichwa na tumbo?
Hapa ndipo ninapochoka. Kila wanafunzi wapya wakiingia hapa Tanga nawaona kituoni kwetu cha afya: kapima malaria mara tatu, hakuna, kanunua dawa za vidonda vya tumbo, kameza antibayotiki za "yutiai", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, bila kipimo. Mmoja alimwaga bahasha ya kaki mezani kwangu: pakiti nne zimeanzwa, hata moja haijaisha. Nikamuuliza, "Mwanangu, jana umekula na nani?" Machozi yakamtoka.

Homa ipimwe, ndiyo. Ila kukesha na kushindia chai na andazi kunatosha kukuletea hayo maumivu.

Nikijifungia chumbani si nitazoea tu?
Hapana. Kujifungia ndiko kunakoulisha upweke.

Hata nikivumilia mpaka muhula uishe?
Hapana, nimesema! Zikipita wiki mbili huna raha karibu kila siku, hulali, huli, darasani huendi, huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona inatibika. Njoo kituoni. Ukianza kuwaza kujiua, usihesabu hata siku moja. Si baada ya testi, si bumu, pesa ya mkopo, likiingia. Leo, hata kama ni usiku, na mtu wa kukusindikiza.

Vidonge vya usingizi je?
Usinunue. Diazepamu mwili huizoea haraka, na ikichanganywa na pombe inaweza kukukata pumzi.

Mimi nina haya. Marafiki nawapata wapi?
Jikoni. Changeni mchele na maharage na chumba cha pili, mpike kwa zamu. Anayechambua mchele na mwenzake hakosi la kusema. Darasani kaa sehemu ileile, sura zizoeane. Kuna kwaya, kuna darsa, kuna mpira wa jioni. Au nenda Ngamiani kwenye kahawa na kashata, wazee wa pale hawakuulizi matokeo yako. Mama mpigie, lakini si saa tatu kila usiku wakati wenzako wako nje wanaosha vyombo wakicheka. Na usitarajie shoga wa kufa na kuzikana wiki ya kwanza. Anza na wa kusalimiana.

Mwenzangu wa chumbani hatoki kitandani. Nimwambie ajikaze?
Hilo neno liacheni, jamani. Kaa kitandani kwake, muulize, msikilize, kisha mje wote wawili. Akikataa, akizungumzia kufa, usimwache peke yake hata kwenda kuoga. Mwite matroni hapohapo, akikasirika na akasirike.