Je, wajua? Unyoya wa bluu wa mdiria hauna rangi ya bluu

Kwa miaka mingi niliwaambia wageni niliowapeleka kupiga picha za ndege msitu wa Mabira, Uganda, kwamba mdiria kapakwa rangi. Nilidhani bluu yake imo kama ya kitenge ilivyo kwenye uzi: ukiloweka sana, itachuja. Siku moja kando ya Mto Musamya nikaokota unyoya wake wa mgongoni, mfupi kuliko kucha ya kidole gumba. Kiganjani ulikuwa bluu kali. Nikauinua uangazwe na jua nyuma yake, nipate picha nzuri. Ukawa kahawia, kama majani ya chai yaliyokwisha chemshwa. Nikalaumu lenzi. Nikaifuta. Kahawia vilevile.

Kosa langu lilikuwa na sababu. Wekundu wa mabawa ya shorobo ni rangi kweli, ina madini ya shaba, na maji ya sabuni huweza kuichuja. Lakini saga unyoya wa bluu wa mdiria: utapata vumbi la kahawia tu.

Ndani ya vinyuzi vyake mna kitu kama dodoki: keratini, ileile ya kucha zako, iliyojaa matundu ya hewa madogo kuliko wimbi la mwanga, yaliyoachana kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Tupa vijiwe viwili kijitoni kwa pamoja. Viwimbi vikikutana kilele kwa kilele, maji hupanda. Kilele kwa bonde, hutulia. Mwanga unaorudi kutoka kwenye matundu hufanya hivyohivyo, na nafasi zile zinaifaa bluu: mawimbi yake hurudi yakisaidiana. Mengi ya yaliyobaki hupenya na kumezwa na melanini, chembe nyeusi zilizo chini. Ukiangalia jua kupitia unyoya, unaona masalio.

Nilipoelewa hapo nikakosea tena, nikasema ni kama bluu ya anga. Vitabu vingi vilisema hivyo. Angani kila chembe hutawanya mwanga kivyake. Mwaka 1998 mtaalamu wa ndege Richard Prum na wenzake walionyesha, kwa unyoya wa ndege wa Amerika Kusini, kwamba matundu hufanya kazi kwa kupatana. Vipimo vya mdiria mwenyewe navyo ni vya spishi ya Ulaya, Alcedo atthis. Mdiria wa vijito vyetu vya msituni, Alcedo quadribrachys, namwingiza kwa undugu.

Wageni sasa nawapanga jua likiwa mgongoni. Unyoya nimeubandika kwenye kioo cha dirisha la mashariki: asubuhi, aliye ndani anaona kahawia, anayepita nje anaona bluu.