Ugonjwa wa antifosfolipidi: kwa nini kipimo kimoja cha damu hakitoshi

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya damu, na wagonjwa wengi wa antifosfolipidi hunifikia baada ya kuzungushwa kwa muda mrefu. Mwanamke ambaye mimba zake zimeharibika mara kwa mara amekuwa akihudumiwa na daktari wa uzazi. Kijana aliyepatwa na kiharusi bila kuwa na shinikizo la damu wala kisukari amekuwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Na yule aliyevimba mguu mmoja kwa sababu ya donge la damu ametibiwa wodini na kuruhusiwa kurudi nyumbani. Kila daktari ametibu alichokiona, ilhali chanzo cha yote matatu kinaweza kuwa kimoja.

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoshika protini za mwili wenyewe, hasa ile iitwayo beta-2 glaikoprotini I, ambayo hujibandika kwenye mafuta ya utando wa seli yanayoitwa fosfolipidi. Kingamwili hizo zikishatua hapo, huchochea kuta za mishipa na chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda), na damu huganda pasipo jeraha lolote. Kwa mjamzito madhara hayaishii kwenye mgando tu, kwa kuwa kingamwili hizo pia huleta uvimbe katika kondo la nyuma na kuzuia seli zake kujishikiza vizuri kwenye mji wa mimba.

Mtu aliyetufundisha kuyaona mambo haya kama ugonjwa mmoja ni Graham Hughes, daktari wa magonjwa ya baridi yabisi aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa lupasi (ugonjwa ambamo kinga hushambulia mwili wenyewe) katika hospitali ya Hammersmith, London. Mwaka 1983 yeye na wenzake, akiwemo Nigel Harris, walieleza uhusiano huo na kuchapisha kipimo cha kingamwili dhidi ya kadiolipini, ambayo ni mojawapo ya fosfolipidi. Hadi leo wagonjwa wetu hugawanyika kati ya wataalamu wa damu na wataalamu wa baridi yabisi, na kwa maoni yangu anayehudumiwa vizuri zaidi ni yule ambaye wataalamu wake wa pande zote mbili husoma faili lake kwa pamoja.

Kadiolipini ina jambo linalowagusa moja kwa moja wanawake wanaohudhuria kliniki ya wajawazito. Kipimo cha zamani cha kaswende, VDRL, hutumia kadiolipini iliyotolewa katika moyo wa ng'ombe, na kwa hiyo mwenye kingamwili hizi anaweza kuonekana ana kaswende ambayo hajawahi kuwa nayo. Nyumba inaweza kuvunjika kwa karatasi hiyo moja. VDRL ikionyesha kaswende, ni lazima ithibitishwe kwa kipimo kinachotafuta kingamwili za kijidudu chenyewe. Kikikanusha, nasi tukamkuta mwanamke huyo aliwahi kupoteza mimba, tunapaswa kumpima antifosfolipidi bila kuchelewa.

Vipimo tunavyotegemea ni vitatu: kingamwili dhidi ya kadiolipini, kingamwili dhidi ya beta-2 glaikoprotini I, na kile kinachoitwa kizuia mgando cha lupasi. Hiki cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote. Damu huchukuliwa katika kichupa chenye sitrati, kemikali inayoizuia isigande, na kujazwa hadi kwenye mstari, kisha huzungushwa kwenye mashine mara mbili ili chembe sahani zote ziondoke, kwa sababu zikibaki, fosfolipidi zake hunyonya kingamwili tunazozitafuta na majibu hutoka safi kwa uongo. Plazma, yaani majimaji ya damu, inayobaki huwekewa sumu iliyoyeyushwa sana ya nyoka wa Asia, wa jamii moja na kifutu, ambayo huanzisha mgando, nasi tunahesabu sekunde. Plazma ya mgonjwa huchelewa kuganda. Ukiichanganya na plazma ya mtu mzima wa afya bado huchelewa. Ukiongeza fosfolipidi kwa wingi, hapo ndipo huganda kwa kasi zaidi.

Kwa hiyo damu ambayo mwilini huganda kupita kiasi, kichupani huchelewa kuganda. Daktari asiyelijua hili, akiona kipimo cha aPTT, kinachohesabu muda wa damu kuganda, kimerefuka, anaweza kudhani mgonjwa yuko katika hatari ya kuvuja damu na kumnyima dawa ya kuzuia mgando, wakati ndiyo anayoihitaji.

Dawa za kuzuia mgando kama heparini, warfarini na rivaroksabani zote huvuruga kipimo cha kizuia mgando cha lupasi, na maambukizi ya kawaida yanaweza kuzusha kingamwili za muda ambazo hupotea zenyewe. Ndiyo maana, kadiri inavyowezekana, tunataka damu ichukuliwe kabla ya dawa kuanza, jina la dawa liandikwe kwenye fomu ya maabara ikiwa imeshaanza, na vipimo virudiwe baada ya wiki 12 au zaidi. Sitamwandikia mtu dawa ya maisha kwa karatasi moja.

Aliyethibitika kuwa na ugonjwa huu na ambaye damu yake imewahi kuganda kwenye vena hutumia warfarini, kwa kawaida INR (kipimo cha damu kinachoonyesha nguvu ya warfarini) ikiwa kati ya 2 na 3. Vidonge vipya visivyohitaji kupimwa INR, kama rivaroksabani, vinavutia, lakini utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2018 ulihusu wagonjwa 120 wenye kingamwili zote tatu: kati ya 59 waliopewa rivaroksabani, 4 walipata kiharusi na 3 mshtuko wa moyo, wakati kwa waliotumia warfarini hakuna aliyepata tukio la namna hiyo. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Anayetumia warfarini haimpasi kuacha mchicha wala kisamvu. Vina vitamini K, na kinachotakiwa ni kuvila kwa kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki.

Mwanamke anayetumia warfarini na anayetaka kushika mimba amwone daktari wake kabla, kwa kuwa dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Mara mimba inapoonekana tunamhamishia kwenye sindano za heparini pamoja na aspirini ya dozi ndogo, na kwa matibabu hayo wanawake wengi wenye ugonjwa huu hujifungua salama. Akichelewa kutuona hadi wiki ya 10, sehemu kubwa ya kipindi hicho cha hatari inakuwa imekwisha kupita.