"Kitambaa si kipo, fundi? Wewe shona tu"

Nashona vitu vipya kutoka kwenye nguo zilizochoka: mikoba ya jinzi, aproni za mashati ya kiume, mito, matandiko ya viraka vya khanga. Pia nafundisha wanaotaka kuanza. Maneno hayo hapo juu nayasikia kwa wateja, kwa wanafunzi, hata kwa mafundi wenzangu wanaoshona nguo za harusi. Mtu anakuja na mfuko umejaa nguo za kabatini, anauweka mezani, na kwa hesabu zake kazi ngumu imekwisha kwa kuwa hakuna cha kununua. Kumbe kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza, na sehemu kubwa yake si kushona. Nimechoka kulieleza hili dukani kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika.

"Mbona haijachanika popote?"

Katika dhana zote, hii ya kwamba kitambaa kisichochanika ni kizima ndiyo inayoniuma zaidi, maana inaharibu vitu ambavyo mtu hawezi kuvipata tena. Mama amefariki, arobaini imekwisha, mabinti wamefungua sanduku na kugawana khanga. Wanakuja kwangu wakitaka kila mmoja apate tandiko la kumbukumbu. Ni kazi ninayoipenda kuliko nyingine yoyote. Lakini wanataka khanga zote ziingie, na nikitenga mbili tatu pembeni nikisema hizi hazibebi mshono, wanaona nawanyima. "Fundi, mbona haina hata tundu?"

Haina tundu kwa sababu bado haijavutwa. Pamba huchoka kwa ndani kabla haijachanika kwa nje. Jua la kambani, jasho, kusuguana, na zaidi ya vyote dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, hudhoofisha nyuzi kidogo kidogo. Rangi inabaki, jina la khanga linasomeka vizuri kabisa, ila nguvu hakuna. Sasa chukua kipande hicho ukiunganishe na kitenge kipya kwa uzi wa poliesta. Uzi una nguvu kukishinda, na kitenge kina nguvu kukishinda. Kila tandiko linapovutwa kitandani, kila linapoinuliwa kutoka kwenye beseni likiwa limejaa maji, mzigo wote unamwangukia mnyonge. Halichukui muda linapasuka, na tazama linapopasukia: kando kidogo ya mshono, kwenye safu ya matundu ya sindano. Mshono wenyewe uko salama. Mteja anarudi akisema fundi kashona vibaya, wakati kosa lilifanyika siku kitambaa kilipochaguliwa.

Kupima hakuhitaji chombo chochote. Simama mlangoni mchana, inua kitambaa mbele ya mwanga. Penye uzima mwanga unapita sawasawa. Palipochoka utaona mabaka yanayong'aa, mara nyingi bila mpaka ulio wazi. Kisha kishike kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana, ukivute kwa nguvu ya ghafla, kwanza kwa urefu wa uzi, halafu kwa upana. Kitambaa kizima kinakaza na kukurudisha mikono. Kilichochoka kinatoa mlio mkavu, na ukitazama kwa karibu utaona nyuzi zimeachana, upande mmoja umebaki kama chujio. Pima sehemu nyingi, kwa sababu nguo haichoki sawa kila mahali, na hapo ndipo kwenye siri ya kazi hii yote.

Khanga ya kujifunga hulegea katikati, inapokaliwa kila siku, huku mapindo ya pembeni yakiwa bado na nguvu. Shati la kiume hufa kwenye kola, viwiko na kwapa, lakini ule mkia unaochomekwa ndani ya suruali hukaa kama umetoka dukani jana. Jinzi huisha magotini na mapajani kwa ndani. Nyuma ya mguu, chini ya goti, ndiko utakakopata kitambaa cha mkoba. Shuka huliwa katikati, kingo zikabaki nzima, ndiyo maana kuna njia ya zamani ya kuliokoa: unalipasua katikati kwa urefu, unaunganisha zile kingo mbili ziwe katikati, halafu unapinda zile sehemu zilizochoka ziwe pembeni, mahali pasipolaliwa. Mashati meupe ya shule nayakataa karibu yote. Yamelowekwa kwenye dawa wiki hadi wiki kwa miaka, na ukiyavuta yanaachia kama karatasi.

Kwa hiyo ukiniletea suruali ya jinzi usidhani umeniletea suruali nzima. Umeniletea vipande viwili vya nyuma ya mguu, mifuko, zipu ikiwa bado inapanda, na ule mshono mnene wa mguu. Huo mshono, tafadhali sana, usiufumue. Mwanafunzi mpya anakaa na wembe saa nzima akiufumua ili apate sentimita mbili za kitambaa kilichojaa matundu. Kata kando yake, kulia na kushoto, uutoe wote kwa urefu. Umeshakunjwa, umeshashonwa mara mbili, ni mkanda wa mkoba tayari.

Na ile khanga ya marehemu iliyochoka? Haitupwi, ila haikatwikatwi ikaunganishwa. Inalazwa nzima, au kwa vipande vikubwa, juu ya kitambaa kingine chenye nguvu, mimi hupenda marekani (pamba isiyotiwa rangi) iliyofuliwa, halafu inapigwa bandi kwa mkono, sindano ikipita juu na chini, safu baada ya safu, kwa nafasi ya kidole kimoja au pungufu. Hapo kinachobeba uzito ni marekani, khanga imepanda tu juu yake. Mbinu hii ina wenyewe. Wasidi wa Karnataka, kusini magharibi mwa India, ambao ni wazao wa Waafrika, wengi wao wakiwa wamechukuliwa Afrika Mashariki, hushona matandiko yaitwayo kawandi kutoka kwenye nguo zilizochakaa. Wanaanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, vipande vikiongezwa na kushikizwa kwa mishono ya mkono hadi kwenye kitambaa cha chini, na pembe nne wanazipamba kwa vipande vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita maua. Hakuna kipande kinachoachwa kining'inie kwa mshono wa pembeni peke yake. Mtu akikuambia viraka ni alama ya ufukara, au ni mtindo ulioletwa na watalii, mwonyeshe kawandi. Kisha mwonyeshe katambuga za tairi na koroboi za makopo, vitu vilivyotengenezwa hapa kwetu kabla hatujasikia habari za urejelezaji.

Kama khanga imechoka kiasi cha kushindwa hata bandi, nakata ile sehemu yenye jina, naipa kitambaa cha nyuma, inawekwa kwenye fremu ukutani, mbali na dirisha. Mabinti wengine hulia nikiwaambia hivyo. Bora walie leo kuliko tandiko limpasukie mmoja wao mikononi.

"Cha zamani kifuliwe, kipya hakina haja"

Ni kinyume chake. Cha zamani kimeshafuliwa hadi kikakaa sawa. Kinachosumbua ni kile kitenge au khanga mpya uliyonunua kwa ajili ya bitana, yaani kitambaa cha ndani ya mkoba. Bado ina stachi ya kiwandani na bado haijasinyaa. Pamba mpya kupungua asilimia 3 hadi 5 ni jambo la kawaida, yaani sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita. Ukiishona kavu juu ya jinzi iliyofuliwa miaka kumi, siku ya kufua mkoba bitana inajivuta, jinzi haijivuti, na mkoba unakunjamana usipigike pasi tena. Loweka kipya, fua, anika, piga pasi, ndipo ukate.

Na chumvi na siki havizuii rangi kutoka. Najua mama alikufundisha, na mama yake alimfundisha. Chumvi huwekwa wakati wa kutia rangi, ndani ya maji ya rangi yenyewe, ili rangi iingie kwenye pamba; haishikizi rangi ambayo tayari inataka kutoka. Siki ina kazi yake kwenye rangi za sufu na hariri. Khanga yako nyekundu ni pamba. Ifue peke yake mpaka maji yawe meupe, na kabla ya kuiweka karibu na kitambaa cheupe, bana kipande cheupe kilicholowa juu yake kwa pasi ya moto. Kikipokea wekundu, rudi kwenye beseni.

"Cherehani yangu haiwezi jinzi"

Inaweza. Hata ile Butterfly ya miguu aliyokuachia shangazi inaweza. Isiyoweza ni sindano. Wengi hununua pakiti moja ya sindano wakaitumia kwa kila kitu mpaka sindano ikatike, wakati sindano hubadilishwa kabla haijakatika, ikianza kugonga kitambaa kwa sauti badala ya kupenya. Namba 14 ni ya pamba ya kawaida, 16 ni ya jinzi, 18 ni ya mahali mikunjo mingi inapokutana. Fulana zinataka sindano yenye ncha ya mviringo. Ukitumia ncha kali inaruka mishono, nawe utahangaika kukaza uzi bure.

Panapokuwa na mkunjo mnene, weka mshono juu ya jiwe au ubao imara, ugonge kwa nyundo mpaka ulale. Nyundo ya kawaida. Kisha vuka hapo kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, na nyuma ya mguu wa cherehani weka kitambaa kilichokunjwa ili mguu ukae sawa, usiinuke kama unapanda ngazi. Mishono irefushwe kidogo, milimita 3 au zaidi. Hayo ndiyo yote.

"Mfuko wa salfeti haufi"

Mifuko ya salfeti ya mchele na sukari inafaa sana kwa mikoba ya sokoni, na picha zake zinapendeza. Lakini imefumwa kwa polipropilini, na polipropilini isiyotiwa kinga huchukia jua. Mfuko uliokaa nje miezi mingi ukiukunja unatoa chengachenga. Huo hauna mkoba ndani yake, tena chengachenga hizo zitaingia kwenye cherehani na kwenye udongo. Chagua uliokaa ndani.

Usiupige pasi moja kwa moja. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 160 hivi, na pasi iliyowekwa alama ya pamba hukaribia 200. Ya mkaa ndiyo kabisa, haina kipimo. Kunja mshono kwa mgongo wa mkasi. Mishono iwe mirefu, milimita 4, kwa sababu kila tundu la sindano ni ukanda mdogo uliokatwa. Mifuko ya mbolea na dawa za mifugo usiitumie kwa kitu chochote kitakachobeba chakula, hata ukiifua vipi. Na ile mifuko laini tuliyopewa madukani baada ya Tanzania Bara kupiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ile inayofanana na kitambaa, mingi yake ni polipropilini hiyo hiyo, ila haikufumwa. Usinichanganyie na viraka vya pamba.

"Nguo ni zangu, bei iwe ndogo"

Kitambaa cha dukani kinakuja kimenyooka, kina upana unaojulikana, nakilaza na kukata. Nguo zako zinakuja zikiwa na umbo la mtu. Natakiwa kupima kila moja kwenye mwanga, kuvuta, kutenga, kufumua, kupiga pasi, kukazia vilivyo vyepesi, ndipo nianze mahali ambapo fundi wa kitambaa kipya alianzia. Mkoba mmoja wa jinzi, maandalizi yake hula muda kuliko ushonaji wake. Sitozi kitambaa, natoza mikono.

Ukitaka kweli bei ishuke, ipo njia. Lete nguo zimefuliwa kwa sabuni tu, bila dawa ya kung'arisha na bila marashi ya kulainishia. Toa vifungo mwenyewe, vitie kwenye kibahasha. Kama unafumua, kata uzi kila baada ya mishono mitatu au minne upande mmoja, kisha geuza uvute uzi wa upande wa pili. Utatoka mzima bila kuchana kitambaa. Zipu usizitoe, niachie. Na kila nguo utakayoipima mlangoni ukaona mabaka ya mwanga, ifunge uzi wa rangi pale pale kwenye baka, ili nikifungua mfuko nijue umeshaiona.