Kura za Kalya zinahesabiwa Kalya

Hapa Kigoma, kuanzia vijiwe vya Ujiji hadi sokoni Mwanga, kila uchaguzi mkuu ukipita yanabaki maneno yale yale kuhusu safari ya matokeo. Mengine yana madhara, maana yanawafanya watu waliache jambo mahali ambapo wangeweza kulifuatilia.

"Masanduku yanapelekwa mjini, kura zinahesabiwa huko."

Hapana. Kituo kikifungwa saa 10 jioni, na waliokuwa tayari kwenye foleni wakishapiga kura, msimamizi wa kituo anafungua sanduku pale pale mbele ya mawakala wa vyama. Kura ya Kalya, kule mwisho wa mwambao wa Uvinza, inahesabiwa Kalya kabla boti haijang'oa nanga. Idadi inaandikwa kwenye fomu ya matokeo, kila nafasi na fomu yake, na kura zilizokataliwa zinaandikwa kando. Wakala anapewa nakala, nyingine inabandikwa kituoni. Ngazi za juu kazi yao ni kujumlisha fomu hizo, kwa hiyo mwenye nakala zote za vituo anaweza kuijumlisha kata yake mwenyewe.

Wana Kigoma tunalijua hili kuliko wengi. Mwaka 2015, jimbo la Kigoma Kusini, aliyetangazwa mbunge ni Hasna Mwilima wa CCM. David Kafulila wa NCCR-Mageuzi akaenda Mahakama Kuu akidai kwamba fomu za matokeo ya ubunge za vituoni, ziitwazo 21B, zilimpa yeye ushindi. Kesi ilitupwa mwaka 2016, Mwilima akabaki na kiti. Hata hivyo, mabishano yote yaliegemea karatasi zilizojazwa vituoni, na ndiyo sababu nasisitiza: wakala asitoke kituoni bila nakala yake, hata kama ni usiku na njaa inauma.

"Wakala akigoma kusaini, matokeo ya kituo yamefutika."

Kukosekana kwa saini yake peke yake hakufuti kitu. Mwenye lalamiko aliandike kwenye fomu ya malalamiko papo hapo. Kuondoka kwa hasira kunamnyima mgombea wake ushahidi.

"Mkuu wa wilaya ndiye anayetangaza mshindi."

Hahusiki, wala mkuu wa mkoa. Diwani anatangazwa na msimamizi msaidizi wa uchaguzi ngazi ya kata, mbunge na msimamizi wa uchaguzi wa jimbo. Kura za urais jimbo linazijumlisha na kuzipeleka Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na Tume pekee ndiyo inayomtangaza Rais. (Uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji na mitaa, kama ule wa Novemba 27, 2024, ni habari nyingine: huo ulisimamiwa na TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa.)

"Ukikaa mita 200 kutoka kituoni, unaruhusiwa kulinda kura."

Siku chache kabla ya uchaguzi wa 2015, Mahakama Kuu ilikataa tafsiri hiyo ya sheria ya uchaguzi. Kulinda kura ni kazi ya wakala aliye ndani.

"Matokeo yoyote yanapingika mahakamani."

Ya ubunge ndiyo, Mahakama Kuu. Ya urais hapana: Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza uchaguzi wake. Mimi naona ibara hii inastahili kubadilishwa, na mpaka ibadilishwe, fomu ya urais iliyojazwa kituoni ndiyo ya kukaguliwa kwa makini kuliko zote.