Kioo kipana si TV: tuliyoyasikia kuhusu monita ya inchi 34

Niliazimwa kwa wiki mbili monita ya kompyuta ya inchi 34, ile pana iliyopinda kidogo. Hamali aliipakia Mlandege, akaisukuma hadi kwetu Malindi, hapa Zanzibar, na kwenye vichochoro ikawa "habedari, habedari!" mpaka mlangoni. Kila aliyepisha njia alikuwa na lake la kusema kuhusu lile boksi. Hamali mwenyewe ndiye aliyeanza: "TV hiyo kubwa, mtaiweka wapi?" Sikumjibu, tulikuwa katikati ya ngazi.

Lakini hapo ndipo wengi wanapokosea. Inchi za kioo hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo hazisemi lolote kuhusu kimo. TV ya inchi 49 ina kimo cha sentimita 61 hivi. Monita pana kupindukia ya inchi hizohizo 49, yenye uwiano wa upana kwa kimo wa 32:9, ina upana wa karibu sentimita 120 na kimo cha sentimita 34 tu. Ni kama monita mbili za inchi 27 zilizounganishwa ubavu kwa ubavu. Hii yangu ya 34 ina upana wa sentimita 80, na kimo chake ni kilekile cha ya inchi 27. (Wauzaji huiita 21:9. Ukigawa pikseli zake, yaani vidoto vinavyounda picha, 3440 kwa 1440, unapata 43:18. Jina la biashara tu hilo.)

Kwa kazi, maana yake ni hii: unaongezewa safu wima, mistari haiongezeki. Mimi naweka hesabu za nyumba ya wageni. Januari hadi Desemba zilikaa zote mbele yangu bila kusogeza kitu, na risiti nimezifungua pembeni. Lakini mkataba wa kurasa kumi niliusoma kwa kuteremka vilevile kama zamani.

"Chomeka tu, itakubali." Huyu alikuwa muuza nyaya, naye alinitia hasara ya jioni nzima. Nilichomeka laptopu kwa waya wa HDMI, picha ikaja, ila muhuri wetu wa duara ukawa yai. Laptopu ilikuwa inatoa pikseli 1920 kwa 1080, monita ikazivuta kujaza upana wake. Tundu za HDMI za zamani, toleo la 1.4, hupata taabu na pikseli nyingi hivi. Hata zikikubali, mara nyingi picha huchorwa upya mara 50 tu kwa sekunde na kishale cha mausi kinakwenda kwa kusitasita. Tulipotumia tundu la USB-C linalotoa picha, tukaunganisha waya kwenye tundu la DisplayPort la monita, yai likarudi kuwa duara.

Usiku monita ilikuwa ya mpwa wangu. Alileta PlayStation 5 yake, akawasha, akanyamaza kidogo. "Mjomba, mbona imekatika pembeni?" Haikukatika. Mashine ile hutoa picha ya 16:9 tu, basi kila upande ulibaki mstari mweusi wa kama sentimita 10, na katikati akawa anacheza kwenye inchi 27. Ukikutana na mtu anayetaka kununua kioo kipana kwa ajili ya PlayStation peke yake, mwambie ahifadhi pesa zake.

Kwenye kompyuta ni habari nyingine. Gemu za magari na ndege hufunguka hasa. Unaona kioo cha pembeni cha gari na kona inayokuja kwa pamoja. Ila pikseli ni karibu milioni 5, dhidi ya milioni 2 za kioo cha kawaida cha 1080, na kadi ya picha ndiyo inayozibeba. Namba 144 iliyoandikwa kwenye boksi ni fremu, yaani picha, ambazo monita inaweza kuonesha kwa sekunde. Kadi ikitoa fremu 50 kwa sekunde, utaziona hizohizo 50. Wala upana hauleti ushindi: baadhi ya gemu za mashindano huzuia pembeni makusudi ili asipatikane wa kuona zaidi ya mwenzake, na wanaocheza kwa zawadi hupenda vioo vya inchi 24 au 25, ambavyo jicho huvimaliza vyote mara moja.

Mama yeye aliogopa macho. Mwanga wa skrini haujathibitika kuharibu jicho. Linalochosha ni kukodoa bila kupepesa. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali mita 6 kwa sekunde 20. Mimi nilikuwa natazama majahazi. Na mpindo si wa kutibu macho: kipimo chake, 1800R, ni kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha mita 1.8, ili ncha zisikae mbali sana nawe. Kilichonisumbua kweli ni meza. Kina chake ni sentimita 50, kitako cha monita kikala nusu, nikawa nimebanwa pua kwa pua mpaka nilipoivuta meza kutoka ukutani.

Umeme? Wati 50 hivi, siku nzima ya kazi haimalizi nusu yuniti ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla. Ogopa zaidi unapokatika na kurudi kwa kishindo, na chumvi ya dirishani.

Wiki mbili zilipokwisha alikuja hamali yuleyule. "TV imeshaharibika?" Safari hii tulikuwa tunashuka ngazi, nikapata pumzi ya kumweleza.